Tofu kwa vegani: kalsiamu iko kwenye kigandishi, B12 haipo kabisa

Chukua vipande viwili vya tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa na kukamuliwa maji, uviweke kwenye sahani moja. Vyote vyeupe, vyote vinakatika vizuri kwa kisu, vyote ukivionja hivihivi bila chumvi havina ladha ya maana. Gramu 100 za kipande cha kwanza zinaweza kukupa kalsiamu kuzidi glasi mbili za maziwa ya ng'ombe, na gramu 100 za kile kingine hazifikishi hata glasi moja. Kwa macho huwezi kujua kipi ni kipi. Alafu watu wanakesha mitandaoni wanabishana, mmoja anasema tofu inamtosha vegani kwa kila kitu, mwingine anasema soya inaharibu homoni za kiume, wa tatu anasema hicho ni chakula cha watu waliokosa nyama, na wote wanaiongelea tofu kana kwamba ni kitu kimoja. Sio kitu kimoja, na hapo ndo penye fundo lenyewe.

Vegani hali nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Sababu zinatofautiana, kuna wanaoingia kwa kuwahurumia wanyama, kuna baadhi ya Wasabato, kuna ambao daktari kawaambia wapunguze mafuta ya wanyama wakaamua wayaache kabisa. Ila swali linalowakuta wote ni lilelile, ukishatoa vyote hivyo mezani, je protini, kalsiamu, madini ya chuma na vitamini B12 vinatoka wapi? Tofu inajibu protini vizuri sana, kalsiamu inategemea, chuma inajibu nusu, na B12 haijibu kabisa.

Tuingie jikoni kwanza maana bila kuona inavyotengenezwa hizo namba hazitaeleweka. Soya kavu, zile punje za duara za manjano mpauko zinazouzwa sokoni kwa ajili ya unga wa lishe, unaziloweka usiku kucha mpaka ukiipasua punje moja kwa vidole inagawanyika pande mbili na ndani iko bapa, haina kishimo katikati. Hapo imeshiba maji. Unasaga kwenye blenda, na ukisaga na maji ya moto sana ile harufu ya maharage mabichi inayowakimbiza wengi inapungua mno, kwa sababu harufu hiyo inaletwa na kimeng'enya kinachoanza kazi pale punje inapovunjwa kwenye maji baridi, moto unakizima kabla hakijafanya lolote. Unamimina kwenye kitambaa safi, kile cha kuchujia tui kinafaa kabisa, unakamua kwa nguvu. Yanayobaki kwenye kitambaa ni makapi laini yenye nyuzinyuzi tele na protini bado imo, usiyatupe jamani, changanya kwenye kababu za viazi au unga wa chapati, ila yapikwe mpaka yaive. Yaliyotoka chini ndo maziwa ya soya, lakini bado ni mabichi.

Na hapa kwenye kuchemsha naomba mtu asiparuke. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia vimeng'enya vya tumboni visivunje protini, kwa hiyo ukinywa maziwa yake hayajaiva tumbo litavurugika, kichefuchefu, kuhara, na protini uliyoifuata huipati vizuri. Moto unaviua vitu hivyo. Tatizo ni kwamba maziwa ya soya yanadanganya, yanapanda povu hadi ukingoni mwa sufuria kabla hata hayajachemka, mtu anaona povu anadhani tayari anaepua. Punguza moto, koroga povu lishuke, alafu uyaache yachemke kwelikweli kwa dakika kumi na kuendelea huku unakoroga chini yasishike. Na hili sio la tofu tu, wale wanaosaga soya mbichi moja kwa moja kuweka kwenye unga wa uji wa mtoto wanatakiwa kujua kwamba soya huchemshwa au hukaangwa kwanza ndo ikasagwe, uji ukiiva haraka soya ya ndani inaweza kuwa bado.

Baada ya hapo unaepua, unaacha joto lishuke kidogo, unamimina kigandishi ulichokiyeyusha kwenye maji, unakoroga taratibu mara moja mbili na kufunika. Ukifunua baada ya muda utakuta mabonge meupe yamejitenga na maji yamekuwa ya manjano yanayopitisha mwanga, ni jambo lilelile linalotokea maziwa ya ng'ombe yakitiwa ndimu yakakatika. Kama maji bado yana weupe wa maziwa, kigandishi hakijatosha, ongeza kidogo. Mabonge unayahamishia kwenye kitambaa ndani ya chombo chenye matundu, unaweka kitu kizito juu, maji yanatoka, na kadiri unavyokandamiza ndivyo inavyokuwa ngumu.

Sasa kigandishi chenyewe ni nini. Wajapani wanatumia sana nigari, ambayo ni ile chumvi chungu inayobaki maji ya bahari yakishatolewa chumvi ya kula, na sehemu yake kubwa ni magneziamu kloridi. Wachina tangu zamani wanatumia jasi iliyosagwa, yaani kalsiamu salfeti. (Jasi ya chakula tafadhali, sio ile jipsamu ya dari ya fundi, ile haikutengenezwa kuingia tumboni.) Ile tofu laini inayotikisika kwenye boksi mara nyingi imegandishwa kwa asidi inayotokana na glukosi. Na jikoni kwetu wengi tunatumia ndimu au siki, inaganda vizuri tu. Kaskazini mwa Nigeria wana tofu yao inaitwa awara, wanawake wanaigandisha kwa asidi kama ya ndimu au ukwaju, wanaikata vipande, wanaikaanga na kuiuza mtaani na pilipili, watoto wa shule wanaila, na hakuna anayeiita chakula cha wageni.

Hivyo vigandishi vyote vinafanya kazi moja, kuzikusanya protini zishikane. Lakini kinachobaki ndani ya tofu sio kimoja. Ukitumia jasi, kalsiamu yake inanasa humohumo. Kwenye majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani tofu ngumu iliyogandishwa kwa kalsiamu salfeti ina karibu miligramu 680 za kalsiamu kwenye gramu 100, wakati mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku. Kwenye majedwali hayohayo kuna tofu nyingine ya kalsiamu salfeti iliyochanganywa na nigari ina karibu 200 tu. Ya ndimu haiongezewi chochote, unabaki na ile kidogo iliyokuwemo kwenye soya yenyewe. Kwa hiyo vegani anayejitengenezea tofu ya ndimu nyumbani, kitu ambacho nakiunga mkono kwa moyo wote, asijihesabie kalsiamu aliyoisoma kwenye mtandao maana ile ni ya tofu ya jasi. Yeye kalsiamu aitafute kwenye ufuta, sukuma wiki, maziwa ya soya yaliyoongezwa kalsiamu, na dagaa hawamhusu tena. Mchicha unasifiwa sana lakini una oksalati nyingi inayoishika kalsiamu isiingie mwilini, kwenye hili sukuma wiki inaushinda mbali.

Anayenunua supamaketi ageuze pakiti asome viambato. Ukiona kalsiamu salfeti au namba E516, hiyo ndo yenye kalsiamu. E511 ni magneziamu kloridi, E575 ni ile asidi ya tofu laini. Sekunde kumi tu za kusoma lebo na unajua umenunua nini.

Protini ndo sehemu tofu inatembea kifua mbele. Soya kavu ina protini kama asilimia 36, maharage yetu ya kawaida yako kwenye 22 hivi, na protini ya soya ina amino asidi (vile vipande vinavyojenga protini) zote tisa ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, kwa uwiano unaokaribia ule wa vyakula vya wanyama. Kwa mla ugali hii ina maana ya pekee, mahindi yamepungukiwa na amino asidi inayoitwa laisini na soya imejaa hiyohiyo, kwa hiyo tofu na ugali vikikaa sahani moja vinafidiana. Ila usichukue kila tofu kuwa sawa hapa pia, ngumu iliyokamuliwa vizuri inaenda mpaka gramu 17 za protini kwa kila gramu 100, ya kawaida iko kumi na kitu, na ile laini inaishia 5 mpaka 7 kwa sababu sehemu kubwa ni maji.

Kuna hesabu moja inawachanganya sana watu wa jimu. Wanasoma pakiti ya nyama ya soya, vile vipande vikavu vya kuloweka, wanaona protini gramu 50 kwa 100, wanasema tofu ya nini sasa. Lakini ile 50 ni ya kitu kikavu. Ukikiloweka kinanyonya maji mara mbili mpaka tatu ya uzito wake, na gramu 100 za kile unachokula kwelikweli zinashuka kwenye kumi na tano hivi, unarudi palepale kwa tofu ngumu. Linganisha kilichopikwa na kilichopikwa.

Twende kwenye B12, na hapa nasema bila kupunguza makali. Tofu haina B12. Maharage hayana, mchicha hauna, uyoga usiutegemee. Vitamini hii inatengenezwa na bakteria, sisi tunaipata kupitia wanyama au kupitia vidonge na vyakula vilivyoongezwa. Chama cha vegani cha Uingereza kilianzishwa Novemba 1944, na B12 yenyewe ilitengwa maabara mwaka 1948, maana yake waanzilishi walianza safari kabla sayansi haijajua wanachokosa, na baadhi ya vegani wa miaka ile waliugua kwa upungufu huo. Leo chama hichohicho kinawaambia watu wazi, ama ule vyakula vilivyoongezwa B12 angalau mara mbili kwa siku upate jumla ya maikrogramu 3, ama umeze kidonge cha angalau maikrogramu 10 kila siku, ama cha 2,000 kwa wiki. Chagua mojawapo. Ubaya wa upungufu wa B12 ni kwamba ini lina akiba ya miaka, mtu anaacha nyama mwaka wa kwanza yuko fiti, wa pili yuko fiti, anaanza kuwaambia wenzake kwamba B12 ni hadithi, alafu ganzi inaanza miguuni, kumbukumbu inapotea, kizunguzungu. Na kwa sababu vegani anakula majani mengi yenye foleti, vitamini nyingine inayosaidia kutengeneza damu, ile dalili ya damu kupungua inaweza isionekane mapema huku neva zinaendelea kuharibika, na uharibifu wa neva ukikaa sana sio lazima urudi. Mama mjamzito na anayenyonyesha ndo kabisa asicheze na hili, mtoto anategemea akiba yake.

Madini ya chuma yapo kwenye tofu, karibu miligramu 2.7 kwenye gramu 100 za ile ngumu, sio haba. Ila chuma cha mimea mwili unakipokea kwa kusitasita, na soya ina fitati ambayo inakishika. Kinachoweza kusaidia kipo mlangoni kwetu, vitamini C kwenye mlo huohuo inaongeza unyonyaji sana, kwa hiyo kachumbari yenye nyanya na ndimu juu ya tofu ya kukaanga, au pera baada ya kula, vinafanya kazi ya kweli. Kinachoharibu nacho kipo mlangoni, chai. Chai na kahawa vina tanini zinazozuia chuma kisiingie, na sisi chai tunainywa na chakula, asubuhi na chapati, jioni na viazi. Mtu anakula tofu na maharage vizuri kabisa alafu anashushia chai ya rangi, nusu ya kazi imepotea. Isogeze chai saa moja mbele. Kwa wanawake wanaopata hedhi hii ni muhimu kuliko ushauri mwingine wowote wa chuma niliowahi kuusoma, maana mahitaji yao ni zaidi ya mara mbili ya mwanaume.

Sasa homoni, ambako ndo kelele nyingi zipo. Soya ina isoflavoni, vitu vya mimea ambavyo umbo lake linafanana na homoni ya kike ya estrojeni, na kufanana huko ndo kumezaa maneno yote. Lakini kufanana umbo hakumaanishi kufanya kazi ileile. Mwilini kuna aina mbili za vipokezi vya estrojeni, yaani sehemu za seli ambazo homoni inajishikiza ili ifanye kazi, homoni yenyewe inavishika vyote kwa nguvu, isoflavoni zinashika zaidi aina moja na zinashika kwa udhaifu mkubwa, kwenye baadhi ya viungo hata zinachukua nafasi ambayo estrojeni yenye nguvu ingekaa. Wanasayansi hawakuishia kwenye nadharia, waliwapa wanaume soya wakawapima. Mwaka 2021 ulichapishwa uchambuzi uliojumlisha tafiti 41 za namna hiyo, na testosteroni ya wanaume haikubadilika, estrojeni yao haikubadilika, haijalishi walikula kiasi gani au kwa muda gani.

Ile habari ya mwanaume kuota matiti ina chanzo chake, sio uongo mtupu. Mwaka 2008 jarida la madaktari Marekani lilieleza kisa cha mwanaume wa miaka 60 aliyevimba matiti, wakachunguza wakakuta anakunywa karibu lita 3 za maziwa ya soya kila siku. Alipoacha, hali ikatulia. Lita 3, kila siku, mtu mmoja. Kisa hicho kinatufundisha kuhusu lita 3, hakituambii lolote kuhusu kipande cha tofu cha mchana, na inaniuma kuona kijana anaacha chakula chenye protini nzuri akaenda kula soseji kwa sababu ya posti iliyokata habari nusu.

Kwa wanawake hofu ni saratani ya matiti, na hofu hii naielewa kabisa, mtu aliyepitia matibabu yale ana haki ya kuogopa kila kitu. Watafiti waliwafuatilia wanawake 5,042 wa Shanghai waliokwisha kupata saratani hiyo, matokeo yakatoka 2009, na waliokula zaidi vyakula vya soya walikuwa na vifo vichache na ugonjwa kurudi mara chache kuliko waliokula kidogo. Hiyo haimaanishi tofu ni dawa ya saratani, utafiti wa kufuatilia watu hauwezi kuthibitisha hivyo, ila inamaanisha kwamba chakula hiki hakikuonekana kuwadhuru watu ambao tuliwahofia zaidi. Vidonge vya isoflavoni zilizokolezwa ni habari tofauti, hivyo usivimeze bila daktari wako kujua.

Tezi ya shingo nayo inatajwa, kwamba soya inaiharibu. Kwa mtu mwenye afya anayepata madini joto ya kutosha hakuna shida, na vegani asiyekula samaki ahakikishe chumvi yake ni ile yenye madini joto, hizi chumvi za kifahari za rangirangi nyingi hazina. Anayetumia levothairoksini, dawa ya tezi isiyofanya kazi vizuri, asimeze dawa pamoja na soya, inazuia dawa isinyonywe vizuri, aachanishe kwa masaa kadhaa. Na mwenye mzio wa soya, huyo tofu haimhusu kabisa, akae na dengu na choroko zake, hakosi kitu.

Kuna na lile la misitu, kwamba walaji wa tofu ndo wanaomaliza Amazon. Zaidi ya robo tatu ya soya inayolimwa duniani inaishia kuwa chakula cha mifugo, kuku na nguruwe hasa. Tofu inachukua sehemu ndogo sana ya kinachobaki.

Na yule aliyesema ni chakula cha waliokosa nyama, akitembelea mji wa Chengdu kule China aagize mapo tofu, ataletewa tofu imepikwa na nyama ya kusaga ndani, kwenye mchuzi wa pilipili. China kwenyewe tofu imeandikwa tangu karne ya 10 na kwao ni chakula chenye heshima yake, kinaliwa na anayekula nyama na asiyekula. Kilichoifanya iwe ya wasiokula nyama ni watawa wa Kibudha, ndo waliosaidia kuifikisha hadi Japani. Hii inabadilisha hata namna ya kuipika. Ukiitaka iwe kuku utaichukia, ukiichukulia kama tofu utaipikia vizuri, ikamue maji, ikaange mpaka ngozi iwe kahawia, alafu ndo uitumbukize kwenye mchuzi wa nazi mwishoni, inanywa ule mchuzi bila kuvunjikavunjika.

Kiasi gani kinatosha? Mtu wa kilo 60 anahitaji protini kama gramu 48 kwa siku kwa kiwango cha chini, na vegani si vibaya akaongeza kidogo. Gramu 150 za tofu ya nyumbani ni kama 15 hivi, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15 nyingine, kiganja cha karanga 7, ugali na chapati vya siku nzima vinamalizia. Umefika bila kuteseka. Na kama tofu haipatikani unapoishi au bei imekataa, ongeza maharage, kunde na dengu, vegani wengi wa huku kwetu wanaishi hivyo na wanaishi vizuri, wanachotakiwa wasiruke ni kile kidonge cha B12.

Ukishatengeneza yako iweke kwenye maji safi ndani ya friji, ubadilishe maji kila siku, itakaa siku tatu mpaka tano. Nje ya friji kwa joto la Dar au Mombasa haimalizi siku. Ikianza kuteleza mkononi na kutoa harufu ya uchachu, tupa, usijaribu kuiokoa kwa kuikaanga.